Njia ya Sikujua

Nawaona mnavyotazamana. Mmevaa viatu vya kukwea milima, mmeshika fimbo za chuma, mmoja wenu amejifunga na kamba kiunoni kabisa, kumbe njia yenyewe hata bibi harusi angeipita bila kukunja gauni. Kila kundi ninaloliongoza huniuliza swali hilo hilo tukifika kwenye gogo hili la kupumzikia: Bibi, mlima mzima ni miiba na majabali, mbona njia ya kwenda kwenye maporomoko imelala kama mkeka? Wengi hudhani ni kazi ya watu wa hifadhi. Watu wa hifadhi waliikuta. Kaeni basi niwaeleze, ila msitegemee kufurahi. Anayetaka kucheka atangulie mbele akapige picha, tutamkuta huko.

Kuna wakati maji haya yalikuwa bubu. Mto Lusonge ulishuka mlimani ukiteleza juu ya mwamba mmoja mrefu ulioinama, ukaingia kidimbwini bila kishindo, kama mafuta yanavyomiminwa chupani na mtu mwenye subira. Ukisimama kando yake ungemsikia kima akimenya tunda juu ya mti. Hapakuwa na maporomoko, na njia haikuwapo. Kutoka pale lilipo lango leo hadi kwenye mwamba, msitu ulikuwa umefunga: upupu, miiba, mawe yanayokimbia chini ya mguu, mizizi inayomfikia mtu magotini. Aliyetaka kufika kidimbwini alitambaa na kuparamia, na alirudi nyumbani ngozi imechanika.

Waliokwenda huko walikuwa wafinyanzi, na wafinyanzi wote walikuwa wanawake. Kando ya kidimbwi ndiko kulikokuwa na udongo mweusi usiopasuka motoni. Walikwenda wakati wa kiangazi, wakachimba, wakaufunga udongo kwa majani ya mgomba, wakaubeba kichwani. Na walichimba kimya. Ilikuwa mwiko kuongea machimboni, kwani waliamini neno likiingia kwenye udongo, chungu hakitoki salama. Aliyeusimamia mwiko huo ni Bibi Chiku, mkuu wa wafinyanzi. Nyumbani alikuwa mwanamke wa maneno mengi, jina lake, lenye maana ya msemaji, halikumwonea, lakini akishafika kidimbwini hata kikohozi alikimeza, na wenzake nao wakameza vyao.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililoleta msiba. Watu wa zamani wa mlima huu hawakuitikia wito wa kwanza. Walisema msituni anaishi kiumbe asiye na sauti yake mwenyewe, wakamwita Yule wa Mara Moja. Kazi yake ni kuiba sauti za watu na kuita kwa sauti hizo, ila nguvu zake zinatosha kuita mara moja tu. Ukimwitikia, amekuchukua. Kwa hiyo mtu akiitwa msituni, hata kwa sauti ya mama yake mzazi, alinyamaza akangoja wito wa pili. Wa pili ukija, huyo ni binadamu, unaitika. Usipokuja, unashukuru umepona, unaendelea na shughuli zako.

Watoto walifundishwa hayo kabla hawajajua kujifunga nguo. Waliambiwa: ita mara mbili. Wakaambiwa na hili: ukiita, ukasikia sauti yako mwenyewe inaita, ujue ndiye huyo, usiite tena, nyamaza, geuka, rudi ulikotoka. Mtoto aliyekosea alichapwa, na aliyechapa alikuwa na machozi machoni, kwa kuwa alimpenda. Sisi watu wa mlimani tumezoea kupenda kwa kutisha.

Miongoni mwa wafinyanzi alikuwamo mwanamke aitwaye Mkejina. Aliolewa akiwa msichana, akakaa miaka mingi bila mtoto, mumewe akafa, na watu wakachoka hata kumwonea huruma. Baada ya matanga tumbo lake likaanza kujaa. Alidhani ni maradhi. Akanywa dawa za mizizi, akachanjwa, akaaguliwa huku na huko, hadi siku mtoto alipocheza tumboni. Alijifungua msichana, na alipoulizwa jina alijibu ukweli wake: Sikujua. Likawa ndilo jina. Kwetu watu wanaitwa hivyo, Sikujua, Sikitu, Tabu. Jina linaeleza ulivyofika duniani.

Mkejina hakuwa na mtoto mwingine. Alimfinyangia Sikujua vyungu vidogo vya kuchezea, akavichoma kabisa motoni kama vya watu wazima, akapika ndani yake mboga ya kuenea kiganja, wakala wawili kwa vidole. Na mtoto mwenyewe alikuwa msikivu. Akiambiwa kaa, anakaa. Akiambiwa nyamaza, ananyamaza hadi aambiwe sema. Majirani walimsifia kwa hilo, na Mkejina aliona fahari. Siku ninayoisimulia, meno ya mbele ya mtoto yalikuwa yameanza kung'oka.

Siku hiyo wafinyanzi waliondoka asubuhi. Mkejina alimwacha mtoto kwa dada yake, akamwambia atarudi jua likiinama. Sikujua alilia kidogo, akanyamaza. Watu wengine wa nyumba hiyo walikuwa mashambani, na yule dada alipoinama kusonga ugali, mtoto akatoka akamfuata mama yake. Ndiyo mara pekee ambayo hakusikia alichoambiwa.

Alipenyaje kwenye ule msitu, hakuna ajuaye. Mtoto hupita kwenye tundu la ngiri ambalo mtu mzima hapiti. Badala ya kuteremkia kidimbwini, alikosea, akatokea juu, kwenye ukingo wa jiwe unaotazamana na mwamba wa maji. Kidimbwi kilikuwa chini yake kabisa, kimefunikwa na miti. Hakuwaona wafinyanzi, na wao hawakumwona. Akaita, “Mama.”

Mkejina aliisikia. Hakuna mama asiyeijua sauti ya mwanawe. Aliinuka, mikono imejaa udongo, akafungua kinywa, na Bibi Chiku akamwinulia kiganja. Wanawake wote wakaacha majembe. Kima walikuwa juu mitini, maji yanateleza, mbu wanalia masikioni. Mkejina alijiambia kwamba mtoto amemwacha nyumbani kwa dada yake, tena mtoto msikivu; sauti yake ingefuata nini msituni? Bila shaka ni yule. Hata hivyo aliungoja wito wa pili kwa moyo wake wote, na wito wa pili haukuja. Bibi Chiku akashusha kiganja. Mkejina akapiga magoti, akaendelea kuchimba. Nawaeleza kama nilivyoelezwa mimi: alishukuru. Alishukuru kwamba amepona, na kwamba mwanawe yuko salama nyumbani.

Aliporudi alimkuta dada yake amesimama uani, mikono kichwani.

“Sikujua yuko wapi?” Mkejina aliuliza.

“Nilidhani amekufuata, dada, nikasema utarudi naye. Nimepita kila nyumba.”

Mkejina hakupiga kelele. Aliutua udongo chini taratibu, utadhani ana mengi ya kufanya nao kesho yake, kisha akageuka kurudi msituni. Kijiji kizima kikamfuata.

Waliona nyayo kwenye tope la ule ukingo. Zilikuja hadi kwenye jiwe, zikasimama zimebanana, kisha zikageuka. Nyayo za kurudi zilikuwa zimeachana sana, za mtu anayekimbia, zikaingia kwenye miiba na kupotea juu ya mawe. Mkejina alisimama pale pale mwanawe aliposimama, akaita kwa nguvu zake zote, “Sikujua!”

Na mwamba wa maji ukajibu: Sikujua.

Nyinyi mnauita mwangwi, mmesoma shuleni. Wao hawakuwahi kuusikiliza, kwa sababu kila aliyewahi kuita mahali pale na kujibiwa aliziba masikio akakimbia, akaenda nyumbani kusimulia habari za Yule wa Mara Moja. Chini kidimbwini mambo yalikuwa tofauti, kwani huko sauti ya mtu na jibu la mwamba ziliteremka pamoja na kufika kama neno moja. Mkejina aliita tena, na mwamba ukajibu tena, kwa sauti yake, kila alipoita. Hapo hata mjinga alielewa. Mtoto aliita mama. Akasikia sauti yake mwenyewe inaita mama. Akafanya alivyofundishwa: hakuita mara ya pili, alinyamaza, akageuka, akajaribu kurudi alikotoka. Juu mtoto alinyamaza kwa hofu, chini mama alinyamaza kwa hofu, na waliyekuwa wakimwogopa wote wawili hakuwapo.

“Alinitii,” Mkejina alisema.

Bibi Chiku alikaa palepale kwenye tope, akajifunika uso kwa nguo yake. Hakuna aliyemwinua.

Walimtafuta mtoto hadi mvua zikaanza. Hawakupata kitambaa, hawakupata ushanga, hawakupata mfupa. Msitu huu ukimeza haurudishi hata ganda. Wazee wakasema sasa inatosha, tuweke matanga, tumlilie mtoto kama wanavyoliliwa watoto wengine. Mkejina akakataa. Alisema matanga huwekewa mtu aliyeonekana amekufa, na yeye hajaonyeshwa kitu. Watu wakalia bila yeye, wakala, wakatawanyika.

Alikuwa na wazo moja tu kichwani, na halikumtoka tena. Mwanawe alijaribu kurudi, miiba na mawe vikamshinda. Basi kama bado yumo humo ndani, atarudi vipi na miguu ile midogo? Lazima apate pa kupita. Mkejina akaacha ufinyanzi, akachukua jembe la kuchimbia udongo, akaanza kutengeneza njia kuanzia kijijini kuelekea kidimbwini.

Hakuitengeneza kama watu wazima wanavyotengeneza. Aliipima kwa hatua za mtoto. Palipokuwa na mwinuko, aliizungusha kando, pole pole, hadi kifua cha mtoto kisihangaike. Palipokuwa na jiwe la kuruka, aling'oa au alitia udongo pande zote mbili. Mizizi aliifukia. Miiba aliikata mpaka kimo cha mtoto aliyenyoosha mkono, akaiacha ikutane juu, ndiyo maana nyinyi warefu mnainama kila mara na kulalamika. Kila mahali alipodhani mtoto angechoka, alilaza gogo la kukalia. Magogo mnayoyaona leo ni mapya, yale yalioza zamani, ila mahali ni pale pale.

Mwanzo watu walimsaidia. Baadaye wakachoka, wakaanza kusema amerukwa na akili. Bibi Chiku peke yake hakuacha kuja. Alimletea chakula, akakiweka chini, kisha akachukua mawe mawili matatu akayasogeza pembeni, mkongwe yule, mgongo umepinda. Mkejina hakumfukuza, na hakumsemesha hata siku moja. Bibi Chiku akafa na maneno yake yote kifuani kabla njia haijafika nusu, na nadhani hiyo nayo ilikuwa adhabu yake.

Miaka ikapita. Dada yake Mkejina alimfuata huko huko kwenye miiba, akamwambia kwa upole, “Dada, hata kama yu hai, sasa ni mwanamke mzima. Njia nyepesi namna hii ya nini?”

“Niliyempoteza ni mdogo,” Mkejina alijibu, akaendelea kulima.

Njia ilipofika kidimbwini, nywele zake zilikuwa nyeupe. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya isipokuwa kukaa kando ya maji na kuita. Alipanda kwenye ule ukingo, akaita, mwamba ukamjibu. Akashuka, akakaa, akapanda tena. Mlima wote ulisikia: Sikujua, Sikujua. Wapita njia wa vijiji vya mbali wasiomfahamu mtoto walidhani ni mtu anajitetea. Hawakuwa wamekosea sana. Alianza kwa kumwita mwanawe, na kadiri siku zilivyokwenda ikawa hata yeye hajui kama anaita au anaomba radhi, na vyovyote vile jibu lilikuwa lile lile.

Siku moja ilimshinda. Alipiga magoti mbele ya mwamba, akasema, “Mlima, nirudishie mtoto, au ufunge mdomo wa jiwe hili. Kimya chake na jibu lako, siwezi kuvibeba vyote.”

Mlima ulisikia. Katika yale mawili ukatoa lililokuwa rahisi. Mvua ilinyesha juu kwenye vilele, mto ukaja umejaa, ule mwamba ulioinama ukakatika katikati, na kipande cha chini kikaporomoka kidimbwini. Maji yaliyokuwa yakiteleza yakakosa pa kutelezea, yakaanguka. Ngurumo mnayoisikia kutoka hapa ilianza siku hiyo, na haijapumzika. Mkejina aliita tena kutoka ukingoni, na mwamba haukujibu, au kama ulijibu, haukusikika. Alilala usingizi mzuri siku ile, wa kwanza tangu mtoto apotee.

Asubuhi dada yake alimletea uji. Mkejina alikuwa amekaa kando ya maporomoko, amegeuza kichwa upande. Alipogeuka alimwona dada yake amesimama karibu kabisa, kibuyu mkononi, midomo inacheza. Ilikuwa inacheza muda mrefu. Dada mtu alikuwa amemwita tangu mbali, akaita na akaita, na Mkejina hakusikia hata neno. Akaitazama ile midomo. Kisha akayatazama maji, na uso wake ukabadilika, na kibuyu cha uji kikaanguka kwa sababu dada yake aliogopa kile alichokiona.

Alikuwa ameelewa alichokiomba. Mtoto akija sasa, akisimama juu ya ukingo akaita mara moja, mara mbili, akaita hadi koo likauke, mama yake hatasikia. Zamani alisikia akanyamaza. Sasa yuko tayari kuitika, na masikio yameondolewa. Aliulilia mlima uurudishe ule ukimya. Alilia hadi akaishiwa. Pengine mlima ulimjibu, lakini kwa kelele zile nani angejua.

Tangu hapo hakukaa tena mahali pamoja. Akiwa kwenye maporomoko, aliogopa mtoto anaita msituni. Alitembea upesi hadi mahali ambapo ngurumo haifiki, akasimama, akasikiliza. Akiwa msituni, aliogopa mtoto amefika kidimbwini hakumkuta mtu, akarudi upesi. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi, kiangazi na masika, na unyayo wake ndio uliomalizia kazi iliyoachwa na jembe. Mnaona hakuna kokoto. Walimkuta amekufa kandoni mwa njia, akiwa njiani, na hakuna aliyeweza kusema alikuwa anakwenda au anarudi. Niliwahi kumuuliza bibi yangu kama walionana huko walikokwenda wafu. Akasema hajui, na kwamba nisimuulize tena.

Na tangu siku hiyo maji ya Lusonge yanaanguka kwa kishindo, na mwamba wake haumrudishii mtu sauti, hata upige kelele namna gani. Na tangu siku hiyo watu wa mlima huu wanaitikia wito wa kwanza. Ukiita msituni, hata kama humwiti yeyote, hata kama umejikwaa tu, utasikia watu wanaitika kutoka mashambani na kwenye kuni: nipo, nipo. Mnaweza kujaribu baadaye. Wageni wanapenda sana, wanasema tuna ukarimu. Tunaitika haraka mno, na wala haimsaidii mtu, kwa kuwa aliyestahili kuitikiwa aliita mara moja, zamani, na tukanyamaza.

Haya, inukeni, si mbali. Watu wa hifadhi walipokuja kuipima njia hii waliandika kwenye bango la langoni kwamba inafaa kwa watoto wadogo, na kwa hilo sina ugomvi nao. Nimewapitisha hapa watoto wa kila kabila na kila nchi, wengine wanakimbia, wengine wanaruka kwa mguu mmoja, na hakuna aliyewahi kujikwaa. Yule ambaye ililimwa kwa ajili yake, mpaka leo hajapita.